Kufuma na Kufumua: Habari za Ususi katika Nyanda za Juu za Kusini, na Vitu Vikuukuu Vitumiwavyo

Wako walimu wenzetu waliotuletea swali ambalo si jepesi kama lionekanavyo. Wanafunzi waliagizwa kuleta shuleni kazi ya mikono "ya asili". Mmoja alileta kikapu cha milulu, kazi safi sana, kilichosukwa na bibi yake kijijini. Mwingine, ambaye nyumbani kwao ni Mwanjelwa katika mji wa Mbeya, alileta kikapu alichokisuka mwenyewe kwa mikanda ya plastiki, ile ifungiwayo makasha ya bidhaa madukani. Wa kwanza alipewa sifa. Wa pili alirudishiwa kikapu chake, akaambiwa kwamba hiyo si kazi ya asili bali ni takataka zilizopangwa vizuri. Nao walimu watuuliza: je, hukumu ile ilikuwa ya haki? Maana wa kwanza hajui kusuka, na wa pili anajua.

Twaona kwamba jawabu halitapatikana kwa kubishana juu ya plastiki. Yatupasa kwanza tutazame habari za zamani, tujue watu wa pande hizi na wa pwani walifuma na kusuka kwa vitu gani, na vitu hivyo walivipata wapi.

Tuanze na lugha, kwa kuwa lugha hutunza habari nyingi ambazo watu wamezisahau. Kiswahili husema kusuka kwa kazi ya mikeka, vikapu na nywele, na kufuma kwa kazi ya mwenye kutengeneza kitambaa. Huyo ni mfumi, na chombo chake ni kitanda cha mfumi. Nyuzi zilizotandwa kwa urefu ni mtande, na uzi upitao kati yake huku na huku ni mshindio. Kamusi ya Johnson iliyotoka mwaka 1939 inayo maneno haya. Wala si ya kukopa: mtande watoka katika kutanda, na mshindio, kwa tuonavyo, ni ndugu yake kushindilia, maana uzi ule hushindiliwa ukae mahali pake. Watu wasio na kazi hawana haja ya maneno ya kazi. Basi maneno haya yenyewe ni ushahidi kwamba wapo waliokaa mbele ya kitanda cha mfumi na kusema Kiswahili.

Tena tazameni jambo hili. Penye kufuma pana kufumua, na penye kutanda pana kutandua. Nguo iliyofumuliwa haikuharibika; imerudi kuwa uzi, na uzi wangoja kufumwa tena. Mfinyanzi hana neno la namna hiyo. Chungu kikivunjika hakifinyanguliwi. Ni vigae tu.

Hata hivyo vigae navyo havikutupwa vyote. Neville Chittick alipochimba magofu ya Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, alipata vigurudumu vidogo vyenye tundu katikati, ambavyo zamani vilichomekwa kijiti kwa kusokotea pamba. Uzito wa kigurudumu ndio ukizungushao kijiti, na kijiti kikizunguka uzi hujisokota. Vingi katika vigurudumu hivyo vilikuwa vigae vya vyungu, vilivyosuguliwa hata vikawa mviringo, kisha vikatobolewa. Basi msokotaji wa Kilwa, katika siku za masultani waliojenga msikiti ule mkubwa, alisokota uzi wake kwa kipande cha chungu kilichovunjika. Hatusikii kwamba mtu yeyote alimwambia kazi yake si ya asili.

Ushahidi wa pili ni mkubwa zaidi, nao watoka Sofala, ambayo sasa imo katika nchi ya Msumbiji. Mreno mmoja, jina lake Duarte Barbosa, aliandika yapata mwaka 1516 habari za bandari za Bahari ya Hindi. Asema kwamba Waislamu wa Sofala walilima pamba na kufuma nguo nyeupe. Lakini kwa kuwa hawakujua kutia rangi, au hawakuwa na rangi za kutia, walizitwaa nguo za buluu na za rangi nyingine zilizoletwa kutoka Cambay katika Bara Hindi, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakazifuma tena pamoja na nyuzi zao nyeupe. Hivyo walipata nguo za rangi.

Tungependa wasomaji wetu wakae kidogo na habari hiyo. Nguo ya Cambay haikuwa chakavu. Ilikuwa bidhaa ya thamani, imevuka bahari, imelipiwa. Mfumi wa Sofala aliweza kuivaa kama ilivyo, asisumbuke. Aliifumua kwa sababu ndani yake mlikuwa na kitu ambacho nchi yake haikumpa, yaani buluu, naye akakitaka kitu hicho kiingie katika nguo yake mwenyewe, kwa mfumo wake mwenyewe. Hakuwa maskini aokotaye. Alikuwa fundi achaguaye. Tutairudia habari hii, maana twaona kwamba ndiyo ufunguo wa yote yanayofuata.

Sasa tupande bara. Wengi hudhani kwamba kufuma nguo ni kazi ya pwani tu, na kwamba watu wa bara walivaa ngozi na magome mpaka bidhaa za Wazungu zilipofika. Sivyo. Burton, aliyesafiri katika miaka ya 1857 hadi 1859, aliona kitanda cha mfumi katika Unyamwezi. Ufipa na bonde la Rukwa palijulikana kwa nguo za pamba, maana bonde lile ni la joto na pamba hustawi. Wanyiha wa Mbozi, ambayo ilikuwa katika Mkoa wa Mbeya mpaka Mkoa wa Songwe ulipotengwa mwaka 2016, walikuwa mafundi wa mambo mawili: kuyeyusha chuma na kufuma pamba. Kitanda chao kilitandwa chini karibu na ardhi, kimefungwa kwa vigingi, na mfumi alikaa akiinamia kazi yake. Kazi hii katika pande hizo ilikuwa ya wanaume. Nguo yenyewe ilikuwa nene, nzito, yenye kudumu.

Mbona basi kazi hiyo haipo? Wengi hujibu upesi: merikani. Ni kweli kwa sehemu. Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na nguo nyeupe kutoka viwanda vya Massachusetts, zikipitia bandari ya Salem, zilijaa Unguja na kupanda bara mabegani mwa wapagazi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, nguo za Uingereza na za Bara Hindi zilichukua mahali pake, na jina la merikani likabaki. Nguo ile ilikuwa nyepesi na rahisi, na kijana aliyeweza kuipata kwa kubeba mzigo safari moja hakuona sababu ya kukaa siku nyingi akiinamia vigingi.

Lakini angalieni. Pamba haikukoma. Katika nchi hii yalimwa hata leo, hasa Shinyanga, Simiyu na Mwanza, nayo husafirishwa kwa marobota. Kilichokoma katika Unyiha na Ufipa si kitu cha kufumia bali ni mkono wa kufuma. Pamba ya asili ipo, mfumi hayupo. Nasi twasema kwamba mwenye kulinda asili kwa kulinda kitu, akauacha mkono, hukesha mlangoni na mwizi yumo ndani.

Ususi wa vikapu haukupatwa na msiba huo. Katika nchi ya Wahehe wanawake wasuka kwa milulu, majani marefu yaotayo penye maji. Hukatwa, hukaushwa, kisha husukwa kwa kubana sana, na mistari ya rangi iliyoiva huzungushwa pale msusi apendapo. Vikapu hivi vilikuwa na kazi nyingi za nyumbani, za kubebea unga na nafaka, na za kuchujia. Rungwe, penye mianzi mingi, watu wasuka kwa mianzi. Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, wasuka kwa ukindu. Kila pahali pana jani lake, na msusi wa zamani alilifuata lililo karibu naye. Hilo nalo ni jambo la kukumbuka tutakapomhukumu yule mwanafunzi wa Mwanjelwa: karibu naye kuna nini?

Wala milulu yenyewe si rahisi kupatikana kama zamani. Mabonde yenye maji ndiyo yalimwayo vinyungu wakati wa kiangazi, na palipo na kinyungu hapana tena milulu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ilitaka watu wasifanye kazi za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, lakini mwenye njaa haoni mita. Hatumlaumu. Twasema tu kwamba anayemdai mtoto wa mjini alete milulu amdai kitu ambacho hata kijijini chatafutwa.

Na je, vile tuviitavyo vya asili vyote ni vya hapa? Chukueni katani. Mzee gani hatakuambia kwamba kamba ya katani ni kitu cha kwetu? Lakini mkonge uliletwa na Mjerumani, Dakta Richard Hindorf, mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Mingi ilikufa njiani, na iliyofika Tanga hai ilikuwa 62. Mashamba yote ya mkonge ya Tanganyika, ambayo manamba wengi wa Njombe na wa pande zetu walikwenda kuyatumikia, yalianza kwa miche hiyo 62. Katani ni mgeni aliyekaa hata akasahauliwa kuwa ni mgeni.

Habari ya kiondo katika Kenya yaonyesha jambo hili waziwazi kuliko nyingine yoyote. Wanawake wa Kikamba na wa Kikuyu walisuka viondo kwa nyuzi za magome ya vichaka na za mbuyu, wakizisokota kwa kiganja juu ya paja. Katani ilipofika waliishika, maana ni ndefu na yashika rangi. Kisha zikaja sweta za mitumba. Sweta iliyochakaa kiwiko hununuliwa kwa bei ndogo, hufumuliwa, na uzi wake mwekundu au wa manjano husukwa tena katika kiondo. Siku hizi hata nyuzi za plastiki huingizwa. Kitu kimebadilika mara tatu, na kiondo kingali kiondo: chaanzwa chini, huzungushwa kupanda juu, na mwanamke hukisuka akitembea njiani. Tena sababu ya kufumua sweta ni ileile ya Sofala, ni rangi. Kati ya mfumi wa mwaka 1516 na mama wa Machakos kuna zaidi ya miaka 400, na mikono yao yafanya kazi moja.

Basi, pamba ya Unyiha ilibaki na kazi ikafa. Magome ya Ukamba yaliachwa na kazi ikaishi. Mwenye kutaka kujua uhai wa ususi atazame upande gani?

Twafika sasa kwenye plastiki yenyewe. Kwa muda mrefu, kikapu cha sokoni kilishindwa na mfuko mwembamba ambao watu waliuita rambo. Ulipewa bure dukani, ukatupwa kabla ya kufika nyumbani, ukanaswa katika miiba, ukaliwa na ng'ombe. Kenya iliupiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Siku zile za Juni wengi walikwenda sokoni na kikapu, cha ukindu au cha milulu, kilichokuwa kimening'inia jikoni miaka mingi. Methali yetu yasema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, nao haukutupwa. Na sisi kwa kisa cha rambo tulikuwa tumeuacha.

Lakini plastiki haikwisha kwa sheria ile, kwa kuwa sheria ilihusu mifuko ya kubebea. Mikanda ya kufungia makasha ipo, viroba vya mbolea na vya unga vipo, chupa zipo. Na wasusi wa mijini, wanaume kwa wanawake, wamechukua mikanda ile na kuisuka vikapu vya sokoni, vyekundu, vya buluu, vya kijani, vyenye kubeba nyanya na samaki mbichi bila kuoza. Ukikitazama kimoja kwa makini utaona kwamba mkanda hupita juu ya mmoja na chini ya mmoja, kitako huanzwa kwa msalaba, na pembe hukunjwa kama akunjavyo msusi wa mianzi wa Rungwe. Msusi wa mikanda hakuvumbua jambo jipya. Amepewa mwanzi mwingine.

Hata hivyo tusiseme kwamba vitu vyote ni sawa. Mwalimu asiyetofautisha hafundishi. Milulu ikilowa huvimba na kujibana, ndiyo maana kikapu cha Kihehe chaweza kuchuja. Mkanda wa plastiki hauvimbi, na kikapu chake hakitachuja kitu. Karibu na moto huyeyuka. Juani mwaka hata mwaka huwa mkavu na kukatika. Kikapu cha milulu kikichoka hurudi udongoni, na kile cha plastiki hakirudi popote. Msusi mwenye akili huvijua vitu vyake, na kujua huko ndiko tungependa watoto wafundishwe: kila kitu chafaa wapi, na chashindwa wapi.

Iringa kuna kazi ambayo walimu wapitao huko wangefanya vema kwenda kuitazama. Mwaka 2003 Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilianzisha karakana iitwayo Neema Crafts kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Ilianza na vijana viziwi wachache waliofanya karatasi kwa mavi ya tembo. Wasomaji wasicheke: tembo hula majani na magome, tumbo lake halisagi sana, na nyuzi zitokazo, zikichemshwa na kuoshwa, ni karatasi nzuri. Baadaye ziliongezwa karatasi za maganda ya mahindi, shanga za vioo vya chupa kuukuu, na vitanda vya mfumi. Ndiyo, vitanda vya mfumi, katika nyanda hizi hizi ambazo kazi ilikuwa imezima. Si kitanda cha Kinyiha cha vigingi. Ni cha mbao, cha namna ya kigeni. Lakini mtu akaa, mtande umetandwa, mshindio wapita. Hapo ndipo maneno ya kamusi ya mwaka 1939 yapata tena vitu vya kutaja.

Na katika nchi nyingine za Afrika kazi ya namna hii imepanda hata ikaitwa sanaa kubwa. Afrika Kusini, walinzi wa usiku wa Kizulu walichukua mabaki ya waya za simu zenye rangi, wakazisukia fimbo zao. Kisha waya zilezile zikasukiwa vifuniko vya vyungu vya pombe, ambavyo hapo kwanza vilikuwa vya majani. Lakini anayejulikana kuliko wote ni El Anatsui, aliyezaliwa Anyako katika Ghana mwaka 1944, na ambaye alifundisha miaka mingi katika chuo kikuu cha Nsukka, Nigeria. Baba yake alifuma kente. Yeye mwenyewe hakukaa kwenye kitanda cha mfumi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliokota mfuko wa vizibo vya chupa za pombe, akavibamiza viwe bapa, akavitoboa na kuviunga kwa waya za shaba, maelfu kwa maelfu, hata vikawa kama nguo kubwa ing'aayo na kukunjika ukutani. Mwaka 2015 alipewa Simba wa Dhahabu huko Venice kwa kazi ya maisha yake yote, na mwaka 2023 kazi zake zilitundikwa katika ukumbi mkubwa wa Tate Modern, London.

Atazamaye nguo zile aona kente, ingawa hamna uzi hata mmoja. Maana kente haikuwa katika uzi tu. Ilikuwa katika kupanga vipande vidogo vidogo kwa rangi na kuviunga upande kwa upande. Hilo alilirithi.

Kuna jambo moja hapa linalotuuma. Jina la Anatsui lajulikana, nasi twafurahi. Lakini vikapu vya milulu vya Iringa vimefika katika maduka ya Ulaya na Marekani, na mnunuzi husoma "kikapu cha Iringa" na bei yake, basi. Huyo mama aliyekwenda bondeni kukata, akakausha, akasuka majuma kadhaa, hatajwi. Mchongaji hutia jina lake chini ya kinyago. Msusi hana desturi hiyo, wala hakuna aliyempa. Twaona kwamba katika shule zetu, kikapu cha mwanafunzi kiandikwe jina la aliyekisuka, awe mtoto au bibi yake, na sifa ziende kwa huyo.

Nalo ndilo jawabu letu kwa walimu waliouliza. Bibi apewe sifa ya kikapu cha milulu. Yule mtoto wa Mwanjelwa apewe yake, na aulizwe nani alimfundisha kuanza kitako kwa msalaba. Maana hakuzaliwa nao, na aliyemfundisha labda naye alifundishwa kwa mianzi. Mjukuu wa bibi arudishwe kijijini wakati wa likizo akajifunze.

Limebaki ombi moja. Majina ya sehemu za kitanda cha mfumi cha Kinyiha na cha Kifipa hayajakusanywa vya kutosha: vigingi vina majina yao, na ule mti uinuao nyuzi, na ule ubao ushindiliao, na kile kijiti kichukuacho mshindio. Waliozitumia wamekwisha kufa, lakini wako wazee ambao baba zao au babu zao waliwaambia. Walimu walioko Mbozi, Vwawa, Sumbawanga na ukingo wa Rukwa, tafadhali waulizeni. Andikeni neno kwa lugha yenyewe, na maana yake kwa Kiswahili, na jina la kijiji, na jina la mzee aliyelisema ikiwa akubali. Na kwenu mlioko Kyela na Rungwe, waulizeni wasusi wa mikanda ya plastiki wanaviitaje vipande vya kazi yao: je, wamechukua maneno ya mianzi na ya ukindu, au wametunga mapya?